Mpira wa Mreno

Birindwa alikuwa mwalimu wa tenisi ambaye hakuwahi kumshinda mwanafunzi wake hata mmoja, na ndiyo maana kazi yake ilidumu. Wenzake wenye mikono mizuri kuliko yeye walifukuzwa mapema, kwa kuwa walikuwa na kiburi cha kushinda. Katika klabu ile ya Bujumbura wakubwa walikuja asubuhi kabla ya ofisi, vitambi mbele, kaptura nyeupe zimepigwa pasi, wakitaka kutoka jasho kidogo na kuondoka wameridhika. Kazi ya moniteur, kama walivyowaita walimu wa pale, ilikuwa kuhakikisha mkubwa anaondoka ameridhika.

Sasa msidhani hilo ni jambo jepesi. Mkubwa ana mkono mmoja mzuri, na mpira lazima umfikie mkono ule ule, usawa wa kiuno, si mbali, si karibu. Akikupigia pembeni unakimbia kweli, mate yanakutoka, lakini unachelewa kidogo. Na mpira wake ukianguka karibu na mstari, uwe ndani au nje, unapaza sauti: "Bonne!" Maana yake mzuri, umeingia. Kisha haraka unafuta alama kwa soli ya kiatu. Viwanja vile ni vya udongo mwekundu, matofali yaliyosagwa, na udongo huo hauna adabu kwa mtu yeyote. Kila mpira unaoanguka unaacha alama yake wazi. Mkubwa akisogea kuchungulia na kukuta mpira wake ulipita mstari kwa upana wa kiganja, asubuhi yake imeharibika, na yako pia. Kwa hiyo "Bonne, patron!", yaani mzuri, bosi, na mguu unapita. Birindwa alifanya hivyo tangu Bukavu alikozaliwa, alikoanza kwa kuokota mipira, akaendelea hivyo hivyo Bujumbura, hata ikawa mdomo na mguu vinafanya kazi vyenyewe bila kumwuliza.

Bujumbura alifika mwaka wa 1996, vita ilipoingia Bukavu. Watu walishangaa: mtu anakimbia vita ya kwao anakwenda kuingia katika vita ya wenzake? Lakini ukikimbia risasi huchagui, unafuata barabara iliyo wazi. Alifika na mkewe Ernestine, mtoto wao Prodige mgongoni, na raketi mbili. Walipanga kwanza Gasenyi, huko kaskazini mwisho wa mji. Mapigano yalipozidi katika mitaa ya upande ule wakafunga tena mizigo na kuhamia Nyakabiga, chumba kimoja nyuma ya duka la sabuni na mkate. Ernestine alikuwa akivuka mpaka kwenda Uvira kuleta vitenge. Siku bunduki zilipolia milimani walilala sakafuni wote watatu, na kulipokucha Birindwa alikwenda klabu kuwapelekea wakubwa mipira usawa wa kiuno. Uchovu wake haukuwa wa kucheza tu. Ulikuwa umeingia ndani kama maji yanavyoingia kwenye ukuta wa udongo, na kulala siku moja au mbili kusingeutoa.

Basi mwaka wa 2002, kiangazi, ikatangazwa kwamba mashindano ya wachezaji wa kulipwa yatafanyika Bujumbura, mmoja mmoja kwa wanaume. Hayakuwa yale makubwa ya kwenye televisheni. Yalikuwa ya daraja la pili, ya vijana wanaobeba mabegi yao wenyewe na kuzunguka dunia wakitafuta pointi. Rais wa klabu, Bwana Gélase, mtu wa wizarani mwenye nyumba nzuri Kigobe, alikuwa ameyapigania mashindano hayo kwa miezi mingi, apate kuonyesha kwamba nchi imeanza kutulia. Nchi haikuwa imesikia habari hizo. Wiki moja kabla ya kuanza makombora yakaanguka tena mjini, na wageni wengi wakageuza tiketi zao wakiwa njiani. Nafasi zikabaki wazi. Wakachezesha wenyeji kuzijaza, na mmoja wa walioingia akawa Birindwa, mwenye miaka thelathini na nne na goti la mtu wa sabini.

Na hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe. Katika mashindano ya namna ile, ukishinda mechi moja tu unapata pointi, na ukipata pointi jina lako linaandikwa katika orodha ya wachezaji wa dunia. Hata kama ni mwisho kabisa, chini ya watu elfu na zaidi, limeandikwa. Birindwa hakutaka kombe wala safari. Alitaka mechi moja. Maisha yake yote alikuwa uwanjani na hakuna aliyewahi kumwita mchezaji. Alikuwa mwokota mipira, kisha moniteur, na baada ya hapo goti likikataa angekuwa mlinzi wa geti. Alitaka kabla ya geti awe mchezaji, hata kwa wiki moja.

Alimweleza mwenzake Amissi, moniteur aliyekaa mtaa wa Buyenzi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri, aliyeponea kufukuzwa kwa sababu tu aliwachekesha wakubwa. Amissi alimsikiliza akakubali kumfanyisha mazoezi mchana, wakubwa wakiwa ofisini. Siku ya kwanza tu akaona ugonjwa.

"We unaumwa," Amissi alisema, akiegemea wavu. "Mi nasimama huku, unanipa mupira hapa hapa. Nahama kule, unanifuata na mupira kule. Mi ni patron wako?"

"Mukono unaenda wenyewe," Birindwa alijibu.

"Basi tutaupiga huo mukono mupaka usikie!"

Wakaupiga kweli. Amissi aliweka ndoo kwenye pembe moja ya uwanja, kisha kwenye pembe nyingine, naye akasimama katikati akipiga kelele, "Mi si patron! Usinipe! Peleka kwa ndoo!" Kila mpira uliomfikia Amissi, Birindwa alizunguka uwanja mbio, na goti lake likilalamika. Jua la mchana la kiangazi liliwachoma wote wawili. Siku mbili za kwanza ndoo ilikaa peke yake kama mtu aliyekosa mwaliko. Baadaye ikaanza kulia, paa, paa, na Amissi akaanza kukimbia kufuata mipira asiyoifikia, akitukana kwa furaha. Mkono ulipona. Waliutibu mkono kwa bidii zote, wakausahau mdomo.

Mpinzani wa Birindwa alikuwa Mreno, kijana mwenye mabega mapana ambaye begi lake la nguo lilipotelea kwenye ndege na tumbo lake likapotelea kwenye hoteli. Alikuwa hajalala vizuri tangu alipofika, maana milio ya milimani ambayo sisi tulikuwa tukiisikia na kuendelea kukuna nazi ya maisha yetu, yeye ilimtoa kitandani. Birindwa alimwona akijifunga viatu, uso umepauka, akasikia kitu alichokuwa hajakisikia miaka mingi: huyu mtu anashindika.

Walianza mapema mchana, kwa sababu mechi zote zililazimika kumalizika watu wapate kufika nyumbani kabla ya kuvrefe, ile saa ambayo ukikutwa njiani unajieleza kwa mtutu. Watazamaji walikuwa wachache: wakubwa wa klabu chini ya miavuli, moniteurs wamesimama nyuma ya waya, na Amissi mbele yao. Ernestine alikuwa Uvira. Waamuzi wa mistari waliotarajiwa kutoka nje hawakuja, kwa hiyo mwamuzi alikuwa mmoja tu, mgeni wa makamo aliyekaa kwenye kiti kirefu na kofia pana, akiangalia mistari yote kwa macho yake mawili.

Birindwa alicheza. Mtu aliyemjua asubuhi asingemjua mchana ule. Mpira wa Mreno ukija kulia, wake ulikwenda kushoto. Mreno akikimbilia kushoto, alikuta umepita. Hakuwa na nguvu za kijana, lakini aliujua udongo ule kwa sababu aliumwagilia na kuusawazisha kwa mikono yake, akajua pale mpira unapozama na pale unaporuka. Seti ya kwanza akaichukua. Nyuma ya waya Amissi alikuwa amesahau kutania. Seti ya pili ikawa ngumu, goti likavimba, wakavutana, lakini Birindwa akatangulia tena. Mpaka ikafika ile hali ambayo mtu anaiota na kuamka: pointi moja, akiipata hiyo, mechi imekwisha na jina limeandikwa.

Wakapigana pointi ile kwa muda mrefu. Birindwa akampeleka Mreno pembeni kabisa, na Mreno, akiwa amenyooka kama mtu anayefikia tunda la juu, akaurudisha mpira kwa kubahatisha, mrefu. Birindwa aliuona ukija. Aliuona ukipita juu ya mstari wa nyuma, akauacha, akauona ukianguka nje, si kwa unywele, nje ya kutosha kuweka kiganja. Mwamuzi kwenye kiti alikuwa ameshafungua kinywa.

"Bonne!" alipaza sauti Birindwa, na mguu wake ukapita juu ya alama.

Alisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.  Mwamuzi alifunga kinywa, akamtazama kidogo, kisha akafanya kile ambacho mwamuzi yeyote angefanya mchezaji akijitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akampa Mreno pointi. Chini ya miavuli mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na Bwana Gélase akasimama kabisa.

Birindwa alipiga hatua kuelekea kiti cha mwamuzi. Alitaka kusema, si hivyo, nimekosea, ulikuwa nje. Kisha akatazama chini. Pale palipokuwa na alama palikuwa safi, pamefutwa kwa ufundi wa miaka mingi, hata yeye asingeweza kuonyesha. Na angesema nini? Kwamba mdomo ulijisemea? Nani anaeleza jambo kama hilo mbele ya watu wanaompigia makofi? Akarudi kwenye mstari. Upande wa pili wa wavu Mreno alikuwa akichezea nyuzi za raketi yake, hainui macho. Yeye alijua, maana mchezaji anaujua mpira wake unapotoka.

Yaliyobaki hayana hadithi. Seti ya pili ilimponyoka, ya tatu hakuwa na goti wala moyo wa kuicheza, na Mreno akashinda. Walipopeana mikono kijana alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi, akasema neno la kwao ambalo Birindwa hakulielewa, akaondoka haraka.

Amissi alimngojea kwenye chumba cha vifaa. Hakumtania.

"Ilikuwa inje," alisema.

"Ilikuwa inje," Birindwa alikubali.

Amissi alikaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. "Mudomo," alisema. "Mungu wangu, tulisahau mudomo." Ndivyo walivyokaa mpaka saa ya kuondoka.

Sasa kupoteza ni kupoteza, mtu anakwenda nyumbani, analala, yanapita. Lakini Birindwa hakuachwa apoteze kwa amani. Habari zilitembea mjini kwamba kuna Mkongomani wa klabu ambaye aliusema ukweli uliomnyima ushindi wake. Padri mmoja aliitaja katika mahubiri. Watu waliomjua na wasiomjua walimsimamisha Nyakabiga kumshika mkono, na kila mkono ulimchosha zaidi, maana sifa usiyostahili ni mzigo, na huwezi kuutua barabarani.

Na Ernestine, aliporudi kutoka Uvira na kusikia, hakumsifu.

"Mwamuzi alitaka kusema imetoka, weye ukamukatiza?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbele ya ile pointi uliyoililia usiku na muchana? Wakubwa wote wa inchi hii wanasema uongo wanakula, ni weye tu Baba Prodige ndiye Mungu amekutuma useme kweli?"

Angeweza kumweleza.  Lakini aliona kwamba mke kukasirika kwa sababu mumewe ni mkweli kupita kiasi ni jambo la kuvumilika. Mke kujua kwamba mumewe amekuwa mtumishi mpaka ndani ya ulimi, hilo hakuliweza. Akanyamaza. Ernestine naye akanyamaza, na chumba kimoja ni kidogo sana kwa watu wawili walionyamaziana.

Jumapili ya fainali klabu ilipambwa kwa maua na vitambaa. Mreno alikuwa ameshatolewa zamani, mgeni mwingine akashinda, akapewa kombe lake. Ndipo Bwana Gélase akashika kipaza sauti akasema kwamba kuna kombe lingine, dogo, la uungwana. Akamwita Birindwa mbele. Alisema nchi hii imechoka na watu wanaovutia kila kitu kwao, na kwamba wote waliobeba bunduki, milimani na mjini, wangejifunza kwa moniteur mmoja maskini aliyesema "Bonne" wakati moyo wake ulitaka kusema vingine. Watu walisimama. Wengine walifuta macho. Birindwa alimtazama Bwana Gélase, mtu ambaye mipira yake ya nje ilikuwa imemfundisha kazi hiyo asubuhi baada ya asubuhi, akaona kwamba hana hila yoyote, kwamba anaamini kila neno. Hilo ndilo lililomuumiza. Alipewa kipaza sauti, akasema "Merci," akakirudisha.

Walitoka jua likiwa limeinama, yeye na Ernestine, wakitembea kwa miguu kwa sababu magari yalikuwa yamekwisha kujaa. Ernestine alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya mumewe. Birindwa alibeba begi la raketi begani na kombe mkononi, akichechemea. Karibu na kuingia Nyakabiga palikuwa na bariyeri, gogo juu ya mapipa mawili, na mwanajeshi mmoja mwenye mvi kwenye ndevu, amekaa juu ya jiwe kama mtu ambaye jiwe lile ni lake tangu vita ianze.

"Hicho ni nini?" aliuliza, akionyesha kombe.

"Kombe ya tenisi," Birindwa alijibu.

Mwanajeshi alilipokea, akaligeuza. "Ulishinda?"

"Apana. Nilipoteza."

"Wanapana kombe kwa mwenye kupoteza?"

"Wanapana."

"Basi na sisi watatupa," mwanajeshi alisema, wala hakucheka. Alimtazama Birindwa usoni. "Lakini juu ya nini walikupa, muzee? Kweli."

Labda ni kwa sababu mtu yule alikuwa amechoka kama yeye. Labda ni kwa sababu hakuwa na mwavuli, wala hakupiga makofi. Birindwa alitua begi, akasema. Alisema yote pale pale barabarani, bila kumtazama mkewe: kwamba mpira ulikuwa nje, kwamba aliuona, kwamba hakuna ukweli wowote aliousema siku ile. Kwamba amewaambia wakubwa "Bonne" tangu Bukavu na kuwafutia alama zao, na siku moja aliyohitaji mdomo wake, mdomo ukamwambia Mreno "Bonne, patron." 

Mwanajeshi alikunja macho akitazama barabara. Alionekana kama mtu anayeukagua mstari kwa mbali.

"Hebu nisikie vizuri," alisema polepole. "Ile mupira ilianguka inje."

"Inje."

"Na ilikuwa ya mwisho. Ikianguka inje, mechi imekwisha."

"Imekwisha."

"Sasa weye ulishinda," alisema mwanajeshi. "Ulikuwa umekwisha kushinda."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo, hata Amissi, hata yeye mwenyewe moyoni. Machozi yalimtoka Birindwa bila kelele, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, barabarani, mbele ya gogo na mapipa. Mwanajeshi aliangalia pembeni kwa heshima, akamrudishia kombe kwa mikono miwili, akainua gogo.

"Pita, muzee, saa inakaribia."

 Ernestine aliokota begi la raketi lililokuwa chini, akalitia begani mwake juu ya kitenge kizuri, akamshika mumewe mkono upande wa lile goti bovu, wakapita.